Dobi na Vumbi la Kwao

Siku ile chini ya kamba za kuanikia tulikuwa watu hawa. Mimi Lwisa, binti wa Elia mfyatua matofali. Mama mdogo Semeni, aliyemfuata mama yangu tumbo moja, na mwanawe Ahadi mgongoni. Mzee Yeremia wa Lutego, mzee wa kanisa, ambaye mkewe alimsimamia mama yangu siku ya ubatizo. Mchungaji Zakaria, aliyekuja mwisho, kofia mkononi. Wasichana wenzangu wa kipaimara: Anyesi, Yudith, Rehema, Tamali, na Elizabeti wawili, yaani Elizabeti mrefu na Elizabeti wa bondeni. Wasichana hawa hawana kazi kubwa katika habari hii, ila walikuwepo, na aliyekuwepo atajwe.

Na Dobi.

Jina lake ninalo. Mimi shule yangu iliishia darasa la pili, lakini jina likiingia kichwani mwangu halitoki. La kwake alinitajia mara moja. Ila pale misheni, saa moja ya mguu kutoka Njombe mjini, hakuna aliyelitumia hata siku moja. Nikilitumia leo nitaona kama nasimulia habari za mtu mwingine. Basi na abaki Dobi.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza. Dobi alifua mashuka ya zahanati ya misheni, vitambaa vya madhabahu na kanzu za mchungaji, na mara nyingine mashati ya makarani wa bomani. Alikuwa Mgogo, ametoka kwao mwaka wa njaa, akafuata barabara ya malori hadi Makambako, kisha akapanda huku kwetu kwenye baridi. Baridi hiyo hakupatana nayo mpaka mwisho. Alifua mtoni amevaa koti zito la askari, mikono ya koti ameikunja hadi kwenye viwiko, na vidole vyake vilikuwa vimepauka na kukunjamana kama vya mtu aliyekufa maji. Ukimsalimu, alijibu kwanza kwa kwao, "Mbukwa," kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kibena cha kuvunjikavunjika, kama mtu anayejaribu funguo tatu kwenye kufuli moja.

Alikuwa mtu wa mambo yasiyolingana. Nguo za watu zilitoka kwake zimepigwa pasi ya mkaa mpaka ungeweza kukata nazo mkate. Shati lake yeye lilikuwa na rangi ya gunia. Alitukaripia watoto tukikokota miguu uwanjani, "Inueni nyayo, mnaniletea kazi!" halafu yeye mwenyewe ungemkuta ameinama kwenye shuka lililokaa nje, amegusa kitambaa kwa kidole, amekipeleka kidole ulimini. Alikuwa akionja vumbi.

Mara ya kwanza kumwona nilicheka. Akaniita.

"Lwisa binti Elia, unacheka nini?"

"Unakula uchafu, baba."

"Uchafu ni jasho. Jasho ni la mwenye nguo. Vumbi ni la nchi." Akanionyesha. Vumbi la barabara, alisema, ni chembe kubwa. Ukilikung'uta linaondoka na kwenda zake. La moto, wakati watu wanapochoma majani mabondeni, ni jeusi na lina mafuta. Ukilisugua linachafua zaidi. "Na hili hapa ni la mbali." Lilikuwa laini kuliko unga, rangi ya chai iliyotiwa maziwa mengi, limeingia katikati ya nyuzi. "Hili halikung'utwi. Limepanda juu kule kwetu upepo ulipopiga nchi iliyokauka, likapita juu ya Usangu, juu ya vichwa vya watu wasiojua, likachoka, likashuka hapa. Lionje. Lina chumvi. Kwetu chumvi tunaichota kwenye udongo."

Nikaonja. Sikusikia chumvi yoyote, lakini nilimwambia ndiyo, ninaisikia, kwa sababu alikuwa ananitazama kama mtu aliyemkaribisha mgeni mezani.

Kila vumbi la mbali lilipokuja, mwisho wa kiangazi, alilalamika siku nzima. Kazi ya juma zima inarudiwa, sabuni ya mche inakwisha, mgongo unauma. Alikuwa na neno lake, akilisema huku anakamua shuka: "Tumefua. Litarudi tu." Alilisema kwa uchovu, bila hasira, kama mtu anayefunga mlango ambao anajua hauna komeo. Lakini nilimwona pia jambo jingine. Siku hizo za vumbi alikuwa na kitambaa chake kimoja, safi kabisa, alichokitundika peke yake mwisho wa kamba. Hicho hakukianua upesi kama vingine. Alikiacha mpaka kibadilike rangi.

Watu wengine nao walikuwa na vumbi lao. Huko Makambako, kwenye njia panda, alikuwepo Mwarabu mwenye duka, Bwana Salimu. Dobi alinunua kwake sabuni na buluu ya kutakatishia nguo. Bwana Salimu alisema vumbi lile laini halitoki Ugogo hata kidogo. Ni la jangwa la kwao, ng'ambo ya bahari, maana lilipokuja alipiga chafya zilezile alizopiga utotoni kwa baba yake. Walibishana juu ya hilo miaka. Dobi alirudi kutoka Makambako na sabuni begani, akinung'unika: "Ati limevuka bahari! Vumbi lina mashua?" Mchungaji Zakaria naye alipoulizwa alisema amesikia kwa wamisionari kwamba kaskazini kuna jangwa lisilo na mwisho, na huenda likawa la huko. Kila mtu alilipeleka kwao au kwa wakubwa zake. Sisi Wabena tu ndio hatukulidai.

Sasa niseme habari ya utani, maana bila hiyo hutaelewa kilichompata.

Wahehe na Wagogo ni watani wa siku nyingi, na bibi yangu mzaa mama alikuwa Mhehe. Basi mama mdogo Semeni, ingawa alizaliwa Ubena na kubatizwa Ubena, utani aliurithi kwa mama yake kama watu wanavyorithi pua. Mama yangu hakuujali. Semeni aliushika kwa mikono miwili. Alikuwa mjane mapema, mdomo wake hauna pazia, na Dobi ndiye Mgogo pekee aliyekuwa karibu.

Alikuwa akipita njia ya mtoni na kapu lake, anasimama.

"We Mgogo! Ulikuja huku kufua au kukimbia njaa?"

"Nilikuja kuwafundisha Wahehe kuoga, shemeji. Nikaambiwa nianze na nguo, miili itafuata polepole."

"Shemeji yako nani? Ng'ombe wenu wamekonda mpaka upepo unawabeba. Hilo vumbi unaloliramba ni ng'ombe wenu wanapita!"

"Basi wasalimie. Na wewe fungua kinywa nione meno. Mbwa wangu amepotea tangu jana."

Hapo Semeni alicheka mpaka akaweka kapu chini. Sikumsikia akicheka hivyo na mtu mwingine yeyote tangu baba yake Ahadi afe. Dobi naye, ambaye na wanaume wa misheni alizungumza kwa maneno mawili matatu, akiwa na Semeni alikuwa na maneno kama maji ya mtoni. Wala msifikirie mengine. Lilikuwa hilo tu, na lilitosha.

Mtani ana kazi kubwa zaidi ya kuchekesha. Akifa mtu, mtani wake ndiye anayekuja kujipaka majivu, anayelala njiani jeneza lisipite, anayemtukana maiti kwa uvivu na uchoyo wake wote mpaka waliao wacheke katikati ya machozi. Anazuia njia hadi ndugu wampe kitu chochote kidogo, ndipo anaondoka. Semeni alimwambia Dobi zaidi ya mara moja: "Mimi nikifa, wewe ndiye utakayenipaka majivu. Uje na maneno mazuri, usinitie aibu." Dobi akajibu, "Kufa upesi basi, ninayo mengi."

Lakini misheni ilikuwa imekataza utani. Ulihesabiwa kuwa matusi ya kishenzi. Uwanja wa misheni ulizungukwa na mikaratusi mirefu, na sheria ilikuwa hivi: nje ya mikaratusi fanyeni mnavyofanya, ila ndani ya mikaratusi hakuna utani, kila neno ni neno. Watu waliizoea. Niliwaona watu wazima wakitukanana kwa furaha njiani, wakifika kwenye mti wa kwanza wananyamaza, wanavua kofia, wanaingia kama majirani wenye staha. Semeni na Dobi nao waliishika. Mto ulikuwa nje. Kamba zilikuwa ndani.

Karibu na Majilio, majuma yale ya kungojea Krismasi, kabla ya kipaimara chetu, likaja vumbi ambalo wazee hawakuwahi kuliona.

Asubuhi tulidhani ni ukungu. Njombe ni nchi ya ukungu. Unakuja, unakaa, jua likipanda unaondoka, na nguo huachwa kambani zikiusubiri uondoke. Dobi alikuwa amekwenda Makambako kuchukua buluu. Nguo zetu nyeupe za kipaimara, alizozifua na kuzitia wanga, zilikuwa kambani zote. Hakuna aliyeanua. Mpaka Elizabeti wa bondeni akasema, "Mbona ukungu huu haulowanishi?" Tukajishika nywele. Zilikuwa kavu, na zinakwaruza.

Jua likawa jekundu kama sahani ya shaba, unalitazama bila kufumba macho. Milima ikapotea, kisha mikaratusi ya ng'ambo ya uwanja, kisha kengele. Ndege wakanyamaza. Majani ya maharage yakawa rangi moja na udongo. Kooni ilikuwa kama umemeza unga mkavu. Watu wenye vifua wakaanza kukohoa, nyumba kwa nyumba, wazee na watoto. Ahadi, ambaye tangu kuzaliwa kifua chake kilikuwa kibovu, akaanza kuvuta pumzi kwa sauti, kama mlango usiotiwa mafuta. Ikawa hivyo siku ya pili pia, na ya tatu, nguo zetu bado kambani, maana hatukuthubutu kuzigusa bila Dobi.

Kisha mvua ya kwanza ikanyesha, na ikanyesha matope. Sizidishi. Tone la mvua lilianguka jeupe likaacha doa jekundu. Tulikimbia kwenye kamba. Nguo zetu zilikuwa na madoa kama zimepigwa na tui la udongo mwekundu.

Dobi alitokea wakati huohuo kutoka barabarani, amelowa, koti lake la askari limekuwa zito kwa tope, mzigo wa buluu kichwani. Akasimama mbele ya kamba. Semeni alikuwa amekuja kutusaidia kuanua, Ahadi mgongoni anakoroma kifuani, na mama huyo hakuwa amelala tangu vumbi lianze. Nadhani alitaka acheke kidogo tu, apumzike. Akasema, kwa sauti kubwa:

"We Mgogo! Umetuletea vumbi la kwenu ututoe roho! Mtoto wangu akifa utamlipa kwa ng'ombe gani, wale wanaopeperuka?"

Nilimwona Dobi anafungua kinywa. Jibu lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini macho yake yakapita juu ya bega la Semeni, na hapo alikuwa amesimama Mzee Yeremia.

Mzee Yeremia hakuwa mtu mbaya, msimdhanie hivyo. Rehema, mmoja wetu tuliokuwa kipaimara, alikuwa mjukuu wake, na mkewe alikuwa amelala ndani anatapika kwa kukohoa. Alikuwa mtu aliyeogopa. Aliuliza polepole:

"Umesema ameleta nini?"

Mchungaji Zakaria akaitwa. Watu wengine wakakusanyika pembeni, nguo zimefunika pua. Mzee Yeremia akamgeukia Dobi.

"Mwanamke huyu amesema vumbi hili ni la kwenu. Ni kweli?"

Mchungaji Zakaria alikuwa ameelewa upesi kuliko wote. Akasema, "Dobi, sema tu hujui limetoka wapi. Hakuna anayejua. Sema hivyo, watu waende nyumbani wakatunze wagonjwa."

Lilikuwa neno dogo, "sijui". Lingemwacha na nyumba yake, na mto wake, na kazi yake. Dobi alilitazama vumbi kwenye gauni la Tamali lililokuwa mkononi mwangu. Akagusa doa, akapeleka kidole ulimini, mbele ya watu wote. Akafumba macho.

"Ni la kwetu," akasema. "Siwezi kulikana."

Watu wakaguna. Semeni akapiga kelele, "Nilikuwa namtania! Mzee Yeremia, nilikuwa namtania, mama yangu ni Mhehe, unajua!"

"Ulimtania ukiwa wapi?"

"Hapa. Chini ya kamba."

"Kamba ziko nje ya mikaratusi, au ndani?"

Semeni akamweka Ahadi vizuri mgongoni. Ahadi alikuwa anavuta pumzi, anavuta, kila mmoja wetu anamsikia.

Mchungaji Zakaria hakumfukuza Dobi. Alisema wazi kwamba upepo ni wa Mungu, na hakuna mtu anayebeba vumbi la namna ile mfukoni. Semeni alitengwa na meza ya Bwana hadi Pasaka kwa kuleta utani uwanjani, naye akakubali. Nguo zetu Dobi alizifua upya, usiku na mchana, na Jumapili tulisimama mbele ya madhabahu na nguo safi, ila ukizitazama karibu ungeona wekundu kidogo kwenye mishono. Upepo ukageuka. Ahadi akapona, ingawa kifua chake hakikurudi kuwa hata kile kibovu cha zamani.

Lakini kina mama waliacha kumpelekea Dobi nepi na nguo za watoto. Walifua wenyewe. Walimpisha njiani, kwa adabu sana, wakiwavuta watoto upande wa pili. Yule ambaye kila mtu alimwita Dobi sasa hakuitwa kitu. Akavumilia mvua zote. Mwisho wa masika akakunja koti lake, akapanda lori la mbao linaloshuka Makambako. Nilikuwa njiani na mtungi. Nikamwuliza, "Baba, mbona hukusema hujui?"

"Lwisa," akasema, "kule kwetu nilimwacha mama na ndugu. Sijui nani yuko hai. Kila mwaka kitu kimoja tu kinatoka kwao kinanifikia. Nikikikana hicho pia, nitakuwa wa wapi?" Hapo ndipo aliponitajia jina lake, na la mama yake. Kisha akasema neno ambalo nililielewa baadaye sana: "Mtu anaweza kutania kwa uongo, mwanangu. Ukishaulizwa kama ni kweli, utani umekwisha."

Semeni hakukubali kwamba umekwisha. Miaka iliyofuata alituma matusi. Alikuwa anasimama nje ya mikaratusi kabisa, barabarani, anasimamisha lori, anamwambia utingo: "Ukifika Makambako mtafute dobi Mgogo. Mwambie huku tumekuwa wasafi tangu aondoke!" Au: "Mwambie mbwa wake alikuwa mtamu!" Vijana wa malori walicheka, wakaahidi. Malori yalirudi. Semeni alitoka mlangoni kila aliposikia lori likipanda. "Amesemaje?" Hakuna. Amekunja nguo tu, mama, walimjibu. Amenitazama tu. Akarudi ndani. Mwaka hata mwaka. Utani usiojibiwa unakuwa kesi, na Semeni alitembea nao kama mtu aliyeitwa barazani na haambiwi siku.

Mzee Yeremia, kumbe, alikuwa akipeleka kanzu yake Makambako kwa siri kufuliwa. Hakuna mwingine aliyejua kuitia wanga.

Semeni alikufa kwa homa ya mapafu wakati wa baridi. Alizikwa vizuri, kwa nyimbo, mchungaji akahubiri. Hakuna aliyelala njiani. Hakuna aliyemtukana. Jeneza lilipita moja kwa moja kama lori lisilo na mzigo, nami niliona aibu kwa ajili yake, wala sikujua nimwambie nani.

Mwaka uliofuata, siku za mwisho mwisho za Mwingereza, nilikuwa nimeolewa. Mume wangu Eliud alikuwa kwenye chai huko Mufindi, nami nikashuka Makambako kungoja basi la Iringa, binti yangu Tabitha mgongoni. Makambako upepo haulali. Mtu akikaa pale nusu siku anabadilika rangi. Nyuma ya duka la Bwana Salimu, ambaye wakati huo alikuwa haoni tena, niliona kamba na mashuka, na koti la askari.

Alikuwa amezeeka. Alinitambua kabla sijafungua kinywa. "Mbukwa, Lwisa binti Elia." Akanipa kigoda. Bwana Salimu akiwa ndani akauliza kwa sauti ni nani, kisha akasema, "Mwulize huyo Mgogo vumbi la leo ni la wapi, maana tangu asubuhi ananidhulumu!" Dobi akatikisa kichwa. Akaendelea kukamua. Akaniuliza habari za baba, za mama, za Ahadi. Alizunguka zunguka kijiji kizima. Nilijua anakwenda wapi.

"Na yule Mhehe?"

Nikamwambia.

Hakuacha kukamua. Maji yalikuwa yamekwisha kwenye shuka lile, lakini aliendelea kulisokota, likawa gumu kama kamba.

"Salamu zake zilifika," akasema. "Zote. Hata ya mbwa."

"Mbona hukujibu, baba? Alisubiri."

"Ningejibu, utingo angelibeba jibu langu mdomo wazi mpaka kwenye mikaratusi. Yule Mhehe angeitwa tena. Angetengwa tena. Mimi nilikuwa nje tayari." Akaliweka shuka chini. "Nikasema nitamjibu siku akija Makambako mwenyewe. Hapa hakuna mikaratusi."

Basi likapiga honi. Nikasimama, nikafunga mbeleko, nikaaga. Nikaenda zangu. Abiria walikuwa wanapanda nilipoona watu wanageuka kutazama nyuma yangu.

Dobi alikuwa amekuja katikati ya barabara. Mtu huyu wa sabuni na buluu alipiga magoti, akachota vumbi la Makambako kwa mikono miwili, akajipaka usoni, kichwani, kifuani, kisha akajilaza chali mbele ya basi.

"Siondoki!" alipiga kelele. "Nani alimruhusu yule Mhehe kufa? Mchoyo! Mvivu! Mla mbwa! Amekufa na maneno yangu! Nimemtunzia matusi miaka yote, nimeyafua, nimeyapiga pasi, leo naambiwa mwenyewe hayupo! Ameona nimepata jibu zuri, akakimbilia kaburini! Mrudisheni!"

Dereva alipiga honi. Utingo akaruka chini, "Mzee, umelewa?" Lakini ndani ya basi mama mmoja wa Kihehe alikuwa ameshaelewa, akaanza kucheka huku anafuta macho. "Mwacheni," akasema, "huyo yuko msibani." Na mimi nilicheka. Nilicheka mpaka Tabitha akaamka mgongoni, na machozi yalikuwa yanadondoka kwenye vumbi, nikasikia kwa mara ya kwanza kwamba Semeni amezikwa.

Nilikuwa nimefunga kichwani kitambaa cha Semeni, nilichorithi. Nikakifungua. Nikamwendea pale chini nikampa, kama ndugu wanavyompa mtani ili njia ifunguke. Alikaa. Akakishika, akakigeuza, akakuta pindo lenye vumbi. Akaonja. Nilingoja aseme ni la wapi.

Hakusema. Alikikunja mara mbili, akakiweka ndani ya koti.

"Hiki sikifui," akasema. Akainuka, akapisha basi.

Sikumwona tena. Mjukuu wangu, ambaye ni mwalimu, ananiambia vumbi la jangwa kweli hupanda juu, husafiri siku nyingi, huvuka hata bahari, huingia vifuani mwa watu wasiowahi kuliona jangwa lenyewe, na likianguka na mvua hulisha mashamba ya nchi nyingine. Nikamwuliza lile la kipaimara chetu lilikuwa la Dobi au la Bwana Salimu. Akasema, bibi, baada ya miaka yote hii hakuna awezaye kujua. Huenda lilikuwa limechanganyika. Wangebishana wote wawili hapo.

Nimechoka sasa, na mkono unauma. Waliokuwa chini ya kamba siku ile nimewazika karibu wote. Ahadi yupo, lakini alikuwa mtoto, na kilichomkaa ni kifua tu. Kama uko wewe uliyekuwepo, au mzazi wako alikusimulia, njoo unisahihishe. Pengine aliyesema ukungu haulowanishi alikuwa Elizabeti mrefu. Pengine ilikuwa siku ya nne mvua iliponyesha. Sahihisha hayo yote. Na kama ulikuwa ndani ya basi lile Makambako, ukasikia vizuri kuliko mimi, niambie kama kuna tusi lolote la Dobi nililolisahau, nipate kumpelekea Semeni likiwa kamili.